Mboje na Chungu cha Matairi

Katika kijiji cha Genkuru, kwenye machimbo ya dhahabu ya Tarime, watu walijua kwamba Mboje anapika kwa kutazama kamba za nguo. Moshi ulipoanza kupanda kutoka bondeni, akina mama walitoka mbio kuanua, maana shati jeupe likishapitiwa na moshi ule halikurudi kuwa jeupe, ulifue kwa sabuni ya namna gani. Wengine walimtukana wakiwa wamesimama milangoni kwao. Wengine walimtukana huku wamebeba madumu, njiani kwenda kununua kwake.

Alichopika ni matairi. Matairi ya bodaboda, ya guta, ya malori ya mawe, yaliyolika hadi nyaya zikaonekana. Aliyakata vipande, akavijaza ndani ya tangi la chuma, akafunga mlango wa tangi kwa nati, akawasha moto chini. Ndani hapakuwa na hewa, kwa hiyo mpira haukuungua. Uliyeyuka ukawa mvuke, mvuke ukapita kwenye bomba lililolazwa katika mfereji wa maji, na upande wa pili yakadondoka mafuta meusi yenye harufu ya yai viza. Wachimbaji wa dhahabu waliyatia kwenye pampu za kuvuta maji shimoni na kwenye mashine za kusaga mawe, badala ya dizeli. Injini zilikohoa, zikatoa moshi mzito, zikaenda.

Tangi lile yeye aliliita chungu. Hakuwa amezaliwa kwa kazi hiyo.

Mboje alitoka upande wa Bariadi, kwenye boma lenye ng'ombe, akaja mkoani Mara akiwa kijana. Alifuata dhahabu kama wenzake, ila hakuingia shimoni hata siku moja. Alikuja na mkokoteni na maksai. Alibeba mawe kutoka mashimoni mpaka kwenye mashine, akabeba maji, akabeba hata maiti pale ilipobidi. Enzi hizo maksai walikuwa na majina na waliyajua majina yao. Mzigo ulisafiri kwa mwendo wa ng'ombe, na mtu uliyekutana naye njiani alisimama akakuuliza habari za nyumbani hadi mwisho, kwa kuwa ng'ombe naye alitaka kupumzika. Chakula cha maksai kilikuwa kando ya njia, kimeoteshwa na mvua. Hakuna aliyewahi kusikia redio ikitangaza kwamba majani yamepanda bei kwa sababu ya vita huko ng'ambo.

Kisha zikaja guta, pikipiki za mizigo za magurudumu matatu. Vijana waliokuwa wakimwamkia shikamoo wakawa wanampita kwa honi na kumwachia vumbi, na safari iliyomchukua asubuhi nzima wao waliimaliza kabla uji haujapoa. Malisho nayo yakaliwa, huku na mashimo, huku na uzio. Mboje akauza maksai jozi baada ya jozi, hadi wakabaki wawili, Sajenti na Katibu, wa kulimia shamba lake na kuwalimia majirani kila msimu. Hapo mkewe, Ng'washi, akakataa katakata.

"Hawa huwagusi, baba Huruma," alimwambia. "Ukitaka kuuza, niuze mimi."

"Wewe nani atakununua na miguu hiyo?"

"Watakuja wengi, utashangaa. Lakini hawa ndio chakula cha nyumba hii. Wakitoka, tumekwisha."

Mboje akaahidi. Alikuwa mtu wa kushika ahadi, na ahadi hiyo ndiyo iliyomfikisha alikofika.

Mwaka ule vita vilipozuka Ulaya, dizeli ilipanda mpaka watu wakaona kama mzaha. Pampu zilizimwa. Mashimo yakaanza kujaa maji, na wachimbaji waliokuwa wamekaribia mwamba wa dhahabu wakakaa juu ya ukingo wakiyatazama maji yakipanda juu ya jasho lao. Ndipo Odera alipofika na simu yake. Odera alikuwa mfanyabiashara Mjaluo mwenye duka Sirari na ndugu ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, na Kiswahili chake kilivuka mpaka kila siku kama yeye mwenyewe.

"Mzee, cheki hii," alisema, akimshikisha Mboje simu. "Hawa jamaa wanachoma tairi, inatoka diesel. Si uchawi, ni kazi tu."

Mboje alitazama video ile hadi mwisho, kisha akacheka. Pipa, moto, bomba, maji ya kupoozea, tone moja moja. "Hii ni gongo," alisema. "Mama yangu alikuwa na mtambo kama huu nyuma ya nyumba. Tofauti ni kwamba hawa hawalewi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Mimi naleta tairi, nauza mafuta. Wewe pika."

Kwa hiyo Mboje akauza mitamba michache aliyokuwa akifuga na mkokoteni, akanunua tangi chakavu lililokuwa la kubebea maji, akamlipa fundi wa kuchomelea. Na kwa kuwa kilikuwa kitu cha bomba na moto, alimtafuta mtu anayejua bomba na moto kuliko wote pale kijijini. Mtu huyo ni Modesta.

Modesta alikuwa mama wa Kikurya aliyezaliwa Itiryo, ameachika, analea wanawe kwa gongo. Hakuna aliyemshinda. Aliweza kusikiliza sauti ya matone tu akakwambia moto umezidi. Polisi walikuwa wamemwaga mapipa yake mara nyingi hata akawazoea kama wakwe. Mboje alipomweleza kazi, aliliangalia tangi akalizunguka, akaligonga kwa fundo la kidole.

"Hiki nacho nikikipika nitakamatwa?"

"Hakuna anayekunywa matairi."

"Wewe huwajui wachimbaji, tata," alisema, akimwita baba kwa Kikurya, na kazi ikaanza siku hiyohiyo.

Katika gongo matone ya kwanza ndiyo makali na ndiyo ya heshima. Mwenye mtambo huyaweka kando kwa ajili ya wazee. Modesta alifanya vivyo hivyo na mafuta. Yale ya mwanzo, mepesi, yanayonuka kama petroli, aliyaweka kwenye dumu lake peke yake bila kuambiwa na mtu, na ikawa ndivyo inavyotakiwa. Jambo moja tu lilimshangaza. Katika gongo, pipa likimaliza kutoa, unalifungua lingali na moto, unamwaga machicha, unajaza mengine, maana mteja anangoja na kuni zinaungua bure. Lakini Odera alisisitiza kwamba video imesema tangi la matairi likishapikwa libaki limefungwa hivyohivyo mpaka asubuhi ya kesho yake, lipoe kabisa. Ndani yake hubaki mvuke na masizi ya moto yasiyokutana na hewa tangu asubuhi, na hewa ikiingia ghafla, yatawaka.

"Chungu kinalala kama bwana harusi," Modesta alisema, akishika kiuno. "Kazi ya nusu siku, na nusu siku nyingine tunakitazama."

"Kitazame," Mboje alimjibu. "Kulipwa utalipwa."

Na kweli alilipwa. Ule mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri. Dizeli ilikaa juu, na mafuta ya Mboje yakakaa chini yake kama mtoto chini ya mwavuli wa mamaye. Yalikuwa machafu, yaliziba chujio, yalinuka, na kila aliyenunua alitaka apunguziwe kwa sababu ya harufu. Hata hivyo mwavuli ulikuwa mpana na nafasi ya kupunguza ilikuwepo. Huruma, binti yao, akarudi shule. Ng'washi akaezeka jiko kwa bati. Watu wakaanza kumwita Mboje mkurugenzi, wengine kwa dhihaka, wengine kwa tumaini la kukopeshwa.

Lakini kila kitu alichokigusa kilijifunza kuwa na bei. Matairi ambayo zamani yalitupwa mitaroni, watoto wakiyakimbiza kwa fimbo, yakaanza kuwekwa uani na kufunikwa. Odera alipokwenda kuyachukua aliambiwa hayo ni ya mtu. Mwenye karakana aliyekuwa akimshukuru kwa kumwondolea taka sasa alimwuliza atalipa kwa kilo au kwa moja moja. Kuni nazo zilipungua. Miti ya bondeni iliisha, ikabidi ziletwe kwa guta kutoka mbali, na guta, kama inavyojulikana, haili majani. Mwishowe Mboje akawa anawasha chungu kwa mafuta ya chungu chenyewe, hivi kwamba sehemu nono ya kilichodondoka mchana ilirudi chini ya tangi kesho yake kupika kingine.

Siku moja alikaa kwenye jiwe, akitazama dumu lililojaa nusu, akamwambia Modesta jambo lililokuwa likimkera.

"Mafuta ya Waarabu yalipikwa na Mungu chini ya ardhi, kwa moto wa bure, kabla mtu hajazaliwa. Mwenye kisima anatoboa na kuteka. Mimi kila lita nainunulia kuni."

"Kumbe mshindani wako ni Mungu," Modesta alisema bila kuacha kuchochea. "Hama mtaa, tata."

Watu wakubwa kuliko Mboje walishanaswa katika hesabu hiyohiyo. Wajerumani walipozibiwa njia za mafuta katika vita kuu ya pili, waliyakamua makaa ya mawe hadi yakatoa petroli. Makaburu wa Afrika Kusini walifanya vilevile dunia ilipowafungia milango. Hakuna kati yao aliyeanza kwa sababu ni nafuu. Mafuta ya kutengenezwa yana faida pale tu yale ya kuchimbwa yanapokosekana au yanapopanda kupita kiasi. Na siku mwenye visima akiamua kufungulia, kiwanda kizima kinabaki chuma cha kuuza kwa kilo. Mboje hakuwa amesoma habari hizo. Alikuwa anazijua kwa mgongo wake, kama mtu anavyoujua mzigo.

Bei ya dizeli hutangazwa na serikali Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Zamani Mboje hakujua hata kama ni Jumatano. Sasa siku hiyo alikaa karibu na redio tangu alfajiri, hasemi na mtu. Dizeli ilipopungua kidogo alipunguza na yeye. Ilipopungua tena, alipunguza tena. Kijiji kizima kilishangilia. Wenye mashine, wenye guta, mwenye basi la kwenda Tarime mjini. Yeye peke yake aliinamisha kichwa. Akaanza kusikiliza taarifa za ng'ambo kwa hamu iliyomtia hofu yeye mwenyewe. Meli ikishambuliwa baharini, aliongeza sauti. Watu wakikaa mezani kuzungumza amani, alizima. Jumapili moja kanisani, padri alipoombea mataifa yanayopigana, Mboje alikuta ulimi wake umekwama kwenye kiitikio cha "utusikie", na Ng'washi akageuka kumtazama.

Walipotoka, mkewe alimwuliza, "Uliona nini?"

"Sijaona kitu."

"Midomo yako haikujibu."

Mboje aliongeza hatua, akafika nyumbani kabla yake.

Mwezi uliofuata dizeli ikashuka kwa mporomoko. Mafuta ya sheli, ya kituo cha mafuta, safi, yasiyoziba chochote, yakakaribia kuuzwa kwa bei ya mafuta ya Mboje. Mwavuli ukafungwa. Odera alikuja na pikipiki, hakuteremsha hata mguu mmoja.

"Mzee, hii maneno imekuwa ngumu. Kule Sirari watu wananicheka. Wananiambia, Odera, kwani unauza lami?"

"Tufanyeje?"

"Hii chungu moja haiwezi. Inapika asubuhi, halafu inapoa mpaka kesho, hiyo ni hasara. Weka ya pili. Moja ikipoa, nyingine inapika. Hapo unatoa mara mbili na mfanyakazi ni yuleyule, na kila lita inakuja chini. Ndiyo wenye viwanda wanafanya hivyo."

"Na pesa ya chungu cha pili?"

Odera aligeuka juu ya pikipiki. Alielekeza kidevu juu ya kilima, ambako Sajenti na Katibu walikuwa wanakula, mikia yao ikienda huku na huku.

"Hapana," Mboje alisema.

"Mzee, ng'ombe ni ng'ombe."

"Nimesema hapana. Nimeahidi."

"Sawa. Basi pika mara mbili na hiyo moja." Odera aliwasha pikipiki. "Ama funga. Lakini mimi siwezi leta tairi ya kukaa."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mbele yake, na aliyaona waziwazi kama njia panda. Kuuza maksai, apate chungu cha pili, na matangi yapoe kwa zamu kama inavyotakiwa. Au kuwaacha maksai zizini na kufungua chungu kimoja kabla hakijapoa. Au kufunga, na kurudi kuwa mzee asiye na mkokoteni katika kijiji cha guta. Alitembea hadi kwenye zizi, akamkuna Katibu nyuma ya sikio. Mvua zilikuwa zinakaribia. Aliona kwamba njia mojawapo inamdai ahadi yake, nyingine inamdai tahadhari tu. Na tahadhari ni kitu ambacho mtu masikini huona kama anaweza kukikopa.

Asubuhi alimwambia Modesta.

"Nilisema mimi tangu siku ya kwanza!" Modesta alipiga makofi. "Pipa hufunguliwa na moto wake. Mama yangu alifungua, bibi yangu alifungua. Mlinifanya nikae hapa kama mlinzi wa makaburi."

"Hii si gongo, Modesta. Utangoja mpaka jua liegemee magharibi. Utalowesha gunia ujikinge nalo. Utasimama kando ya mlango, si mbele."

"Nitasimama hata juu ya mti, tata. Nilipe mara mbili tu."

Mara ya kwanza mlango ulipofunguliwa ulitoa pumzi, fuu, kama mtu anayezima mshumaa, na kukawa na mwanga wa bluu uliocheza kidogo kwenye ukingo ukapotea. Wote wawili walirudi nyuma. Kisha Modesta akacheka, na Mboje akacheka kwa sababu Modesta amecheka. Walitoa masizi na nyaya, wakajaza tena, na jioni madumu yalikuwa mengi kuliko siku yoyote ya miezi hiyo. Mara nyingine pumzi ilikuwa ndefu zaidi. Siku moja iliondoka na nyusi za Modesta, naye akapita kijijini akiwaambia wanawake kwamba amekuwa bibi harusi wa mjini, amenyoa.

Mbwa waliacha kupita bondeni. Sajenti, ambaye kila siku alichungwa upande ule, alikuwa akifika kwenye kichaka cha mwisho anasimama, akipumua puani kwa nguvu, na hata apigwe hakwenda mbele. Ng'washi aliyaona hayo. Alishuka bondeni kwa miguu yake, jambo asilokuwa akilifanya, akakuta tangi linafunguliwa.

"Hiki si kilikuwa kinalala mpaka asubuhi?" alimwuliza mumewe.

"Hakilali tena."

"Kwa nini?"

Mboje alimtazama. "Kwa sababu uliniambia nisiguse ng'ombe."

Ng'washi alisogea karibu na tangi. Alimgeukia Modesta, aliyekuwa anafunga kitambaa kichwani. "Mama, mikono yako hiyo una mingine?"

"Nina hii tu, dada, na ndiyo inayolisha," Modesta alisema. "Nenda kapike ugali. Huku kuna wenyewe."

Siku chache baadaye ilikuwa siku ya mnada. Wateja walifika mapema, wakitaka kuondoka mapema, wamekaa juu ya madumu yao wakipiga soga na kumwita Modesta kwa majina ya utani. Jua lilikuwa bado halijaegemea. Mboje alikuwa kwenye mfereji akizibua bomba, magoti kwenye tope. Alimsikia Modesta akisema, "Nifungue, tata? Hawa watu wananizeesha." Alitazama jua. Alitazama madumu. Miaka mingi baadaye atakuwa bado anaulizwa na kichwa chake mwenyewe kwa nini hakusema ngoja. Alisema, "Taratibu."

Nati ya mwisho ilipolegea, mlango haukutoa pumzi. Ulinyamaza, na ndani kukasikika kitu kama kitambaa kinachopasuka. Kisha moto ukatoka wote kwa pamoja, mrefu, mwekundu, ukambeba Modesta na gunia lake. Hakupiga kelele. Wateja ndio waliopiga kelele, wakitupa madumu. Mboje alimvuta kwa nguo, akamtumbukiza kwenye mfereji wa kupoozea, na maji yale yaliyokuwa yanapooza mafuta yakatoa mvuke.

Hakufa. Alikaa hospitali muda mrefu, na aliporudi uso ulikuwa umepona upande mmoja. Mikono yote miwili haikukunjuka. Vidole vilikuwa vimeshikana kama vya mtu aliyeshika fimbo isiyokuwepo. Huruma, binti wa Mboje, ndiye aliyekuwa akienda kumlisha, na Modesta alimwambia, "Mwambie baba yako gongo yangu haikunifanya hivi. Gongo ina adabu." Binti alirudi akayasema maneno hayo kama alivyopewa, bila kuongeza wala kupunguza, na Mboje akatoka nje.

Ndipo Wiliam alipokuja. Alikuwa kaka yake Modesta, mkulima wa Itiryo, amefuatana na wazee wa ukoo wao. Hawakuja na panga. Walikaa kivulini kando ya nyumba, wakakubali maji, wakauliza habari za mvua. Baada ya hapo Wiliam akaweka bilauri chini.

"Mzee Mboje, hatukuja kugombana. Polisi tungeweza kwenda, na chungu chako hakina kibali, wewe unajua na sisi tunajua. Lakini polisi hawatamlisha dada yangu. Alikuwa anaishi kwa mikono. Sasa hana. Ana watoto. Tunauliza, wewe una nini?"

Mboje alikuwa amekesha akijiandaa kwa swali hilo. "Nina chungu," alisema. "Kichukueni. Bomba, tangi, mfereji, matairi yaliyobaki. Nilikinunua kwa mitamba. Ni mali kubwa hiyo."

Wazee walitazamana. Mmoja alikohoa, akaficha kicheko kwenye kiganja. Wiliam hakucheka.

"Mura, hata mimi nina redio," alisema taratibu, akimwita kama Wakurya wanavyomwita mwanamume mwenzao. "Dizeli imeshuka tena. Chungu chako tukifanyie nini? Tukipige tufanye majembe? Mwaka ule vita ilipoanza ungeniambia chukua chungu, ningeita na majirani wasaidie kubeba. Leo hata wanunua vyuma chakavu watataka tuwapelekee wenyewe." Alinyoosha mkono kuelekea zizini. "Wale hawangoji tangazo. Jana walikuwa maksai, leo ni maksai."

 Hapo Mboje alielewa kwamba alivilinda vitu viwili, maksai na chungu, na chungu alichodhani kinamlindia maksai ndicho kilichowameza. Alimtafuta mkewe kwa macho. Ng'washi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi.  Aliingia ndani, akatoka na kamba mbili za katani, akaziweka miguuni pa mumewe.

Wageni walishindwa kuwaswaga. Sajenti alikuwa akigeuka kila hatua, na Katibu akigeuka kwa sababu mwenzake amegeuka. Ikabidi Mboje mwenyewe atangulie mbele, akiwaita kwa majina, mpaka njia ya Itiryo inapoanza kupanda. Kule akamkabidhi Wiliam kamba. Njiani walipishana na guta nyingi, na hakuna dereva aliyepunguza mwendo.

Mvua ikanyesha. Majirani waliokuwa wakilimiwa na Mboje walikodi trekta kutoka Nyamongo kwa saa, wakalima upesi, maana dizeli ilikuwa rahisi. Ng'washi hakukodi. Alichukua jembe la mkono akaanza pembeni, karibu na njia. Mboje alipita na msumeno wake wa kukatia matairi, akasimama, akataka kusema neno.

"Usiseme," Ng'washi alimwambia, hakuinua kichwa. "Nenda kapike, tutakula nini? Lakini usiniletee mama wa mtu mwingine pale. Kuanzia leo mlango ule unafungua wewe."

Alikwenda akapika. Odera alikuwa ameleta mzigo wake wa mwisho wa matairi, akisema baada ya hapo anaangalia biashara ya simu. Chungu kilitoa mchana wote. Kilipomaliza, wateja wachache waliokuwa bado wanamkumbuka walikuwa wamefika, wakanunua yaliyokuwepo, hayakutosha, wakakaa kusubiri apike tena. Mboje akachukua spana akaenda mlangoni mwa tangi. Alisimama mbele yake, kisha akakumbuka, akasogea kando. Alitema mate juu ya chuma. Yalichemka, yakakauka kabla hayajateleza.

"Fungua basi, mzee!" mmoja aliita. "Shimo linajaa maji."

Mboje aliweka spana kwenye nati. Aliona mkono wake, vidole vyake vyote vikikunjika na kukunjuka vizuri. Baadaye akaitoa spana, akavuta lile jiwe la kukalia hadi karibu na mfereji, akaketi akilitazama tangi likipoa.

Wachimbaji walingoja kidogo. Walipoona haondoki pale na wala hafungui, waliinuka mmoja mmoja, wakapangusa madumu yao, wakashika njia ya kwenda sheli.